UZI: Rangi ya mlango wa mbele, nimeharibu mara mbili, safari hii nataka nipake niache

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Nafungua huu uzi kwa sababu kila nikitafuta habari za rangi ya mlango nakuta watu wanabishania nyekundu au bluu, bluu au kijani, na mimi hicho hicho ndicho nilichokifanya, nikaanza na rangi iliyonipendeza macho halafu mengine yote nikayaacha yajipange yenyewe.

Mlango ni wa mbao, paneli nne, unatazama magharibi kwa hiyo jua la mchana lote ni la kwake. Nilivyoikuta nyumba ulikuwa na rangi ya mafuta ya kahawia, ya zamani sana, ngumu na inang'aa kama kioo. Nikapenda bluu nzito, ile inayokaribia weusi. Nikanunua rangi ya maji ya nje, nzuri tu, nikafuta vumbi kwa kitambaa nikapaka mikono miwili, yaani tabaka mbili. Siku ya kwanza kila aliyepita alisifia. Wiki ya tatu namkuta mwanangu yuko pale karibu na kitasa anabandua kwa ukucha, kipande kinatoka kirefu kama nyoka anavyojivua gamba, na chini yake ile kahawia inang'aa kama haijaguswa na mtu.

Mara ya pili nikasema nisiwe mvivu. Nikabandua bluu yote kwa skrepa, nikapiga msasa ile kahawia mpaka ikafifia, praima (ile rangi ya msingi inayotangulia), halafu bluu ile ile nzito ila sasa ya mafuta. Hiyo imeshika kweli. Lakini baada ya msimu mmoja wa jua kali paneli zimechora mistari myeupe pembeni, ile praima imejitokeza pale paneli inapoingia kwenye fremu yake, kona zina nyufa, na upande wa juu kuna malengelenge matatu, moja nimelitoboa na kisu likatoa utomvu unaonata. Saa tisa alasiri ukiweka kiganja kwenye ule mlango huhesabu mpaka kumi, unautoa.

Sasa naomba mnisaidie. Maji au mafuta? Rangi ipi? Na je nivue yote mpaka mbao au naweza kupaka juu yake?

Nyundo

Mkuu chukua glosi ya mafuta piga mikono mitatu, mlango utadumu. Hizi za maji ni za ukutani, usihangaike.

Fundi Msasa

Nyundo ndugu yangu ngoja kwanza, maana hapo ndipo wengi tunapoteleza. Mimi hii kazi nimeifanya miaka mingi na nimepaka milango ya kila aina, na ningependa Kizingiti aelewe kwa nini ulimshinda mara zote mbili, kwa sababu makosa yenyewe hayafanani hata kidogo.

Mara ya kwanza rangi ya maji haikuwa mbaya. Ilikosa pa kushika. Rangi ya mafuta ya zamani imefunga uso kabisa, laini, na mlango karibu na kitasa una mafuta ya mikono ya miaka, unapaka maji juu ya kitu kama sahani. Ulitakiwa uoshe kwa sabuni ya kukata mafuta, usuuze, ukauke, uvunje ule mng'ao kwa msasa namba 120 kisha 180 au 220, halafu praima ya kushikisha, ndio rangi. Nani hajui mlango wake umepakwa nini, kuna kipimo chepesi: chukua kitambaa cheupe kiloweshe spiriti sugua mahali pa kujificha. Kitambaa kikichafuka na rangi ikalainika, ni ya maji. Isiposhtuka, ni ya mafuta.

Mara ya pili rangi ilishika ila mlango ndio uliokuwa unatembea. Mlango wa paneli haujagundishwa wote kama ubao mmoja. Ile paneli imekaa ndani ya mfereji bila gundi, fundi wa mbao amefanya makusudi ili mbao ikinywa unyevu itanuke na ikikauka irudi bila kupasua fremu. Ukiipaka wakati imetanuka, ikija kusinyaa kipande kilichokuwa kimejificha mfereji kinatoka nje, hakijawahi kuona rangi ya juu, ndio mistari yako myeupe. Na ukiwa umejaza puti pale kwenye maungio ukiona ni ufa, umeifunga paneli isitembee, basi itapasuka penyewe panapotaka. Je ulijaza puti?

Halafu ile bluu nzito imezidisha yote hayo. Rangi nyeusi kwenye jua inapanda joto kuliko hewa kwa nyuzi 20 na zaidi, mlango unachemka mchana unapoa usiku, kila siku. Na kile kifundo cha mbao upande wa juu joto limeyeyusha utomvu wake ukapanda juu ukasukuma rangi. Hapo hata upake mikono kumi.

Kwa hiyo mimi mtu akiniuliza rangi ya mlango namuuliza kwanza jua linaupiga saa ngapi, pili umetengenezwa na nini, tatu umewahi kupakwa nini. Jina la rangi tutalitaja la mwisho.

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Fundi asante sana, yaani umenielezea mlango wangu kama umesimama mbele yake. Ndio, nilijaza puti maungio yote, nilidhani nyufa.

Dada Rangi

Nami nidandie hapo hapo jamani. Mlango wangu hauna jua sana, uko ndani ya varanda, nataka nyekundu, ile nyekundu yenyewe sio ya kubania. Nimepaka mikono mitatu bado naona kama damu iliyochanganywa na maji, brashi inaacha michirizi. Rangi ni feki?

Fundi Msasa

Dada usiilaumu rangi. Nyekundu kali na njano kali zina tabia hiyo, chembe zake hazifuniki kama nyeupe inavyofunika, mwanga unapita unaona cha chini. Dawa yake ni praima ya kijivu badala ya nyeupe, au waambie dukani wakutilie rangi kidogo kwenye praima. Ukianzia kwenye kijivu cha kadiri nyekundu mikono miwili inakaa. Ukianzia kwenye nyeupe utapaka mpaka uchoke.

Na bahati yako mlango uko kivulini. Nyekundu nyingi za kung'aa zikikaa juani zinapauka zinaelekea waridi. Anayetaka wekundu juani achague ule wa udongo, rangi ya tofali, wenyewe unatokana na oksaidi ya chuma na jua haliuwezi.

Mama Zuhura

Kizingiti mwanangu, nimesoma posti yako ya kwanza mara mbili na kuna kitu wote wamekipita. Umesema mtoto alikuwa anabandua rangi kwa ukucha na chini kuna kahawia ya zamani sana. Kisha wewe mwenyewe ukaipiga msasa. Mkavu au na maji? Na hiyo kahawia ni ya mwaka gani?

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Mama sijui mwaka, nyumba tumeinunua imeshazeeka. Nilipiga msasa mkavu, kwa mashine, hapo hapo varandani. Kwani vipi?

Mama Zuhura

Risasi mwanangu. Namaanisha madini ya risasi, zamani yaliwekwa kwenye rangi za mafuta ili zikauke haraka, zing'ae na zidumu, na milango, madirisha na fremu ndizo zilizopakwa sana hizo rangi kwa sababu zinashikwashikwa. Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, nchi nyingine zimechelewa, nyingine mpaka leo sheria inasema kikomo ni sehemu 90 kwa milioni ila usimamizi ndio shida. Kwa hiyo mlango mzee hujui asili yake unauchukulia unayo mpaka upimwe.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaifyonza zaidi kuliko mtu mzima, na kinachomdhuru sio tu kula kipande cha rangi, ni vumbi, linatua sakafuni, anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Inagusa ubongo na huwezi kuona chochote kwa macho. Mimi nilifanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi, nakuomba sana, usiguse tena huo mlango kwa msasa mkavu wala usiuchome kwa moto kulainisha rangi. Kata kipande kidogo kinachofika mpaka mbao kapime maabara, na mtoto apimwe damu. Leo funga mlango wa varanda, futa sakafu na kingo za dirisha kwa kitambaa kibichi, usifagie, ufagio unarusha tu. Nguo ulizovaa siku ile zifue peke yake.

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Mama nimekusoma mikono inatetemeka. Nimefuta varanda nzima usiku huu, kitambaa kibichi, maji nimebadilisha mara nne. Kesho asubuhi tunaenda kupima. Uzi uendelee, ila mimi nitarudi nikiwa na majibu.

Nyundo

Hili sikulijua kabisa na mimi nimepiga msasa madirisha ya mzee wangu mwaka jana tu. Mama Zuhura ubarikiwe. Je na barakoa ya kitambaa inasaidia?

Mama Zuhura

Ya kitambaa hapana, vumbi lake ni jembamba linapita. Inatakiwa ile ya kuziba vizuri yenye filta ya chembe, P100 au N100. Na ukitaka kukwangua, lowesha kwanza, kwangua ikiwa mbichi, chini tandika nailoni nzito, kunja yote utupe pamoja. Vakyumu ya kawaida nayo inatoa vumbi nyuma, ni ile yenye filta ya HEPA tu ndio inalikamata. Rangi iliyoshika vizuri, haijabanduka, haisuguliwi na kitu, ni afadhali kuifunika kuliko kuivua. Shida ya mlango ni pembeni, pale unaposuguana na fremu kila ukifunga na kufungua, hapo unatengeneza vumbi kila siku hata kama hujashika msasa.

Kibao

Wakati tunamsubiri mwenye uzi niulize la chuma. Mlango wangu ni wa chuma, sehemu una kutu, sehemu ni bati la zinki. Nimepaka rangi ya mafuta, penye chuma pamekaa, penye zinki imebanduka yote kama karatasi. Brashi ile ile, siku ile ile!

Fundi Msasa

Kibao hiyo si bahati mbaya. Zinki na rangi ya mafuta hazipatani, mafuta yanakutana na zinki yanageuka kitu kama sabuni hapo katikati, polepole rangi inaachia. Kwenye zinki osha vizuri ondoa mafuta ya kiwandani, tumia praima iliyoandikwa ni ya mabati ya zinki, na rangi ya maji ya akriliki ndio inayotulia hapo. Penye kutu ni brashi ya waya mpaka uone chuma, futa, na praima ya kuzuia kutu iingie siku hiyo hiyo, usilaze chuma uchi usiku mmoja, asubuhi utakuta kimeshaota wekundu.

Nyundo

Turudi kwenye maji na mafuta maana sijaridhika fundi. Mafuta ni magumu, ukigonga na ufunguo hayakwaruziki, yanajisawazisha yenyewe michirizi ya brashi inapotea. Ya maji haina ule uso.

Fundi Msasa

Hapo kwenye uso nakubaliana na wewe asilimia zote, glosi ya mafuta iliyopakwa na mkono mzuri haina mpinzani. Lakini ugumu wake ndio ugonjwa wake kwenye jua. Mafuta hayakauki kwa kupoteza maji, yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na hayaachi, mwaka wa kwanza yanavuta, wa tatu yanavuta, yanazidi kuwa magumu mpaka yanakuwa kama ganda la yai. Mbao inatanuka ganda halitanuki, linapasuka, maji yanaingia. Akriliki inabaki na mnato fulani inatembea na mbao. Na nyeupe ya mafuta ikikaa mahali hapana mwanga inageuka manjano, hiyo umeiona bila shaka.

Siku hizi kuna za katikati, zinaoshwa kwa maji lakini zina mafuta ndani, zinasawazika vizuri, kwa mlango mimi ndizo ninazozipenda. Ila kwa mlango wenye jua kama wa Kizingiti, akriliki ya nje, ile ya milango na fremu, sio ya ukuta. Rangi ya ukuta ni laini, mlango unafungwa na kufunguliwa unagandana.

Na wewe Nyundo unayependa mafuta nikukumbushe kitu cha maana, vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani au rangi ya mafuta usivikunje ukavitupa kwenye ndoo. Vikirundikana vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila mtu kuwasha. Vianike kimoja kimoja nje mpaka vikakamae.

Dada Rangi

Mimi nimepata kijivu cha praima, nakuja na majibu. Swali dogo: mng'ao gani? Dukani wananiambia glosi, nusu glosi, sateni, najua tu mati sitaki.

Fundi Msasa

Mlango wako uko sawasawa hauna mabonde? Glosi, inafutika vizuri na nyekundu inapendeza ikiwa na glosi. Una mikwaruzo na viraka vya puti? Sateni, kwa sababu glosi inaonyesha kila kitu kama kioo.

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Wakuu nimerudi. Kwanza mtoto: kipimo cha damu kimetoka chini ya mikrogramu 5 kwa desilita, daktari amesema hatumpi dawa yoyote ila turudi miezi mitatu ijayo apime tena na chanzo kiondolewe. Nilikaa kwenye lile benchi nikafikiria zile siku zote alizokuwa anacheza varandani na mimi niko pale na mashine. Kipande cha mlango kimekutwa na risasi, nyingi tu. Mama Zuhura sina maneno. Kama usingeuliza lile swali ningekuwa leo napiga msasa mara ya tatu.

Tumeamua hivi. Mlango na fremu vimevuliwa na mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo, kwa dawa ya kulainisha sio kwa moto wala mashine, amefunga nailoni kila mahali, sisi hatukuwepo nyumbani siku mbili. Sasa nina mbao tupu. Fundi nianzie wapi na rangi ipi? Mama watoto bado anaipenda ile bluu.

Mama Zuhura

Alhamdulillah. Namba hiyo inatia moyo, ila mrudishe kama daktari alivyosema usipuuzie. Apate chakula chenye chuma na kalisiamu cha kutosha, tumbo lenye upungufu wa hivyo linafyonza risasi zaidi. Na mikono ioshwe kabla ya kula.

Fundi Msasa

Pole sana mzee na hongera kwa kuchukua hatua. Mbao tupu ni nafasi ya dhahabu, twende taratibu.

Dawa ya kuvulia isafishwe yote kama kopo lake linavyoelekeza, ikibaki rangi mpya itakataa. Acha ukauke siku kadhaa. Usipake mbao iliyokaa tupu juani wiki nyingi, uso wake unaoza kwa mwanga, unakuwa kijivu na rangi inashika nyuzi zilizokufa. Ndio maana pia vanishi ya wazi inawatesa watu nje, mwanga unapita ndani yake unaharibu mbao chini, vanishi inaachia. Rangi ina chembe zinazozuia mwanga, ndio kazi yake kubwa, kupendeza ni nyongeza.

Vifundo vyote piga shelaki, ile ya kuziba utomvu, mara mbili, visiachwe. Mlango ushushwe kwenye bawaba. Najua ni kazi lakini kuna sehemu mbili hazijawahi kuona rangi tangu mlango uzaliwe, kichwani na unyayoni, na mbao inakunywa maji kwa miguu kuliko inavyokunywa kwa tumbo. Zipigwe praima na mikono miwili kama sehemu nyingine. Anayeshindwa kushusha mlango aweke simu sakafuni, kamera inatazama juu, apige picha ya chini ya mlango. Wengi wataona mbao tupu.

Kitasa, mpini, komeo, vyote fungua. Usizungushie tepu ukapaka, rangi inafanya daraja kati ya chuma na mbao, siku ukifungua skrubu inabandua na kipande.

Puti weka kwenye matundu tu. Maungio ya paneli usiyaguse.

Rangi sasa. Kuna namba inaitwa LRV, kwenye kadi za rangi za kampuni nyingi iko nyuma au chini ya jina. Inaanzia 0 mpaka 100, inakuambia rangi inarudisha mwanga kiasi gani, nyeusi iko chini kabisa, nyeupe juu. Bluu yenu ile naweza kubahatisha iko chini ya 10. Kwa jua lile msishuke chini ya 40, na kama mlango ungekuwa wa fibaglasi ningesema msome kwanza masharti ya aliyeutengeneza, wengine wanakataza rangi nzito kabisa kwa sababu unapinda. Mama watoto anapenda bluu, apewe bluu, ila ile iliyotiwa maziwa.

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Nimechukua kopo dogo tatu za kujaribia: bluu ya kijivu, kijani cha majani makavu, na njano ya udongo. Sikupaka kwenye mlango, nimepaka kwenye vipande vya mbao mikono miwili kila kimoja, nikavisimamisha pale pale mlangoni, mama watoto anapita asubuhi, mchana, jioni.

Jamani sikutegemea. Bluu ikiwa mbichi ilikuwa nyepesi mno tukasema hapana, ilipokauka imeiva ikawa nzito kidogo ikatupendeza. Asubuhi kivulini ni bluu safi, saa tisa juani imepauka inaelekea kijivu, usiku chini ya taa ya manjano ni kijivu kabisa huwezi kumwambia mtu ni bluu. Kijani mchana kizuri, usiku kama tope. Njano ya udongo haikubadilika hata saa moja, asubuhi njano, jioni njano, na ikiwa karibu na ukuta wetu wa rangi ya krimu imekaa kama wamezaliwa pamoja. Mama watoto mwenyewe ndiye aliyesema tuache bluu. LRV yake imeandikwa 48.

Dada Rangi

Majibu yangu: praima ya kijivu, nyekundu mikono miwili, IMEFUNIKA. Fundi nakushukuru. Ila nimefunga mlango usiku asubuhi ukagoma, nikavuta ukatoka na sauti ya kuchanika, mpira wa fremu umeondoka na rangi ya ukingoni.

Fundi Msasa

Pole dada, hilo nilipaswa kulisema mapema. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Rangi ya maji ukiigusa baada ya saa mbili haichafui kidole, lakini ndani bado laini, kukomaa kunaweza kuchukua mpaka siku 30. Ikibanwa na fremu au mpira inagandana nao. Anza kupaka alfajiri ili ipate siku nzima mlango uko wazi, mikono mepesi badala ya mmoja mnene, na usiku unapofunga paka poda ya mtoto ukingoni na kwenye mpira, au sugulia mshumaa mweupe kwenye fremu. Ukingo uliochanika subiri ukomae wiki mbili, msasa mwepesi, rudishia.

Kizingiti na wewe sikia hilo. Mlango wako ukiwa wa mita 2 kwa sentimita 90, ni kama mita za mraba 1.8 upande mmoja, lita moja ya rangi nyingi inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo nusu lita inakutosha nje mikono miwili na inabaki. Kivulini, kabla jua halijageuka upande wako, kwa sababu ukipaka kwenye mlango wa moto rangi inakauka juu kabla haijashika chini. Paneli kwanza na mapambo yake, kisha kile kibao cha katikati cha kusimama, vya kulala, mwisho vya pembeni vya kusimama, brashi ifuate nyuzi za mbao. Ukishatoka sehemu usirudi. Ukiona chozi limeshaanza kuganda liache, utalisawazisha kwa msasa kesho.

Kibao

Na ule ukingo wa mlango unapakwa rangi ya nje au ya ndani? Nyumbani tunabishana.

Fundi Msasa

Kama mlango unafunguka kwa ndani, ukingo wa kitasa uwe rangi ya ndani, wa bawaba uwe rangi ya nje. Ufungue utazame, kila ukingo una upande unaoonekana nao.

Kizingiti (mwanzisha uzi)

Leo siku ya kumi na mbili tangu nipake mkono wa pili. Poda naipaka kila usiku, mlango haujagoma hata mara moja. Saa tisa alasiri nimeweka kiganja nikahesabu mpaka thelathini, ni wa moto ndio ila unavumilika. Kile kifundo cha juu nakikagua kila siku kwa kidole, kiko laini. Unyayo nimeupiga picha kwa simu, umefunikwa wote.

Mtoto aliupita leo akauliza kama anaruhusiwa kuugusa, nikamwambia gusa tu. Rangi iliyobaki nimeimimina kwenye chupa ya kioo, nimeijaza mpaka juu ili hewa isipate nafasi, nimeandika jina la rangi, namba yake na tarehe kwenye kifuniko. Kipimo cha pili cha mtoto nitakuja kuwaambia hapa hapa.